Haikutua Popote: Safari ya Kikosi cha 509

Hotuba ya fundi ndege mstaafu, Dar es Salaam, jioni ya Agosti 6, 2025

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu mlioketi pale mbele, shikamooni. Vijana wa ufundi mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni, hamjambo? Nasikia wengi wenu mmekuja kwa sababu mliahidiwa picha za ndege. Picha ninazo, ila projekta imegoma, kwa hiyo leo mtazitazama kwa masikio.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa vita. Hilo koti si langu. Mimi ni fundi ndege. Miaka thelathini na ushei nimeshika spana, nimelala chini ya matumbo ya ndege za abiria, nimepanda ngazi usiku na tochi mdomoni. Bomu sijawahi kuligusa, na Mungu anisaidie nisiliguse. Kilichonileta hapa ni swali la mjukuu wangu.

Mwezi Juni mwaka huu alinijia na simu mkononi, ananionyesha ndege nyeusi isiyo na mkia, imekaa kama popo aliyetandaza mbawa. Akaniuliza: "Babu, hii imetoka wapi?" Nikamwambia Missouri, Marekani, katikati kabisa ya nchi, bahari haipo upande wowote. "Imeenda wapi?" Iran, kudondosha mabomu. Akafikiri kidogo. "Sasa ilitua wapi kuweka mafuta?" Nikamjibu: haikutua. Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mzee aliyeanza kusahau. Kwake yeye hata basi la Mwanza linasimama njiani watu wachimbe dawa. Ndege itoke Marekani, ifike Iran, irudi Marekani, bila kusimama?

Hotuba yangu ya leo ni jibu la swali lile. Ndege za aina hiyo zote ni za kikosi kimoja, Kikosi cha 509 cha ndege za kudondosha mabomu cha Jeshi la Anga la Marekani. Na nimechagua kuwaeleza leo, tarehe 6 Agosti, kwa sababu leo inatimia miaka 80 tangu kikosi hichohicho kiangushe bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Wanahistoria watawasimulia mambo ya siasa, na wana haki yao. Mimi nitasimulia kifundi. Ukikitazama kikosi hiki kwa jicho la fundi, kila kazi yake ilipobadilika, fungua tangi la mafuta utakuta sababu imekaa humo.

Tuanzie Wendover. Ni mahali pakavu kwenye mpaka wa majimbo ya Utah na Nevada, uwanda wa chumvi mweupe usio na mti wala mtu. Hapo ndipo kikosi kilipoanzishwa rasmi tarehe 17 Desemba 1944. Mkuu wake alikuwa Kanali Paul Tibbets, kijana wa miaka 29. Vijana wa nyuma, sikieni: miaka 29! Chini yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,700, na kati yao hata kumi hawakujua walichokuwa wakiandaliwa. Vikosi vingine vya wakati ule vilikuwa na ndege za mabomu tu, vingine vikiwaletea mizigo na kuwalinda. Hiki kilipewa kila kitu chake: mafundi wake, walinzi wake, watu wake wa silaha, hata ndege zake za mizigo, ili kisimwombe mtu wa nje chochote na mtu wa nje asiulize chochote.

Kwa kawaida vita huanza, ndipo kikosi kikaundwa, kikatafutiwa silaha. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Silaha ndiyo iliyozaa kikosi, tena kabla silaha yenyewe haijawahi kujaribiwa. Walijifunza kubeba kitu ambacho hakikuwapo bado.

Ndege yao ilikuwa B-29, injini nne za pangaboi, lakini si B-29 za kawaida. Mafundi walizivua mizinga yote wakabakiza ya mkiani tu. Wakazivua na deraya. Kila kilo waliyoiondoa ilikuwa mafuta zaidi au urefu zaidi angani. Sehemu ya mabomu wakaifumua na kuweka ndoano moja ya kubeba mzigo mmoja mkubwa, zaidi ya tani nne. Pangaboi zikabadilishwa ziweze kugeuza msukumo na kuisaidia ndege kusimama. Na marubani wakafundishwa mzunguko mmoja wa ajabu: ukishaachia mzigo, pinda digrii 155 huku unashuka, ukimbie. Wengi walikuwa wanauliza, tunakimbia nini? Hawakujibiwa.

Tibbets hakuwa na njia ya kulipua Japani akitokea Utah. Hakuna ndege ya wakati ule iliyofika. Kwa hiyo kikosi kizima kilihamishwa mwaka 1945 hadi kisiwa cha Tinian, katika Visiwa vya Mariana, kilometa kama 2,500 kutoka Japani. Kisiwa hicho Wamarekani walikuwa wamekiteka mwaka mmoja nyuma kwa damu nyingi. Umbo lake liliwakumbusha Manhattan, basi barabara zake wakazipa majina ya barabara za New York. Upande wa kaskazini wakajenga njia nne za kurukia, kila moja ikipita mita 2,500, zikilala sambamba juu ya matumbawe yaliyopondwa. Mimi nimefanya kazi kwenye viwanja vyenye njia moja tukaona ni pilikapilika. Njia nne, ndege mia na mia, zinaondoka usiku kucha!

Wenyeji wa kambi waliwacheka sana 509. Vikosi vingine vikienda kuchoma miji ya Japani na kupoteza watu, hawa walikuwa wanatoka ndege moja moja na mabomu ya ajabu, manene, yenye umbo la boga, wakiyaita hivyohivyo, maboga. Ndani yalijaa baruti ya kawaida. Walidondosha 49 juu ya Japani, wakafanya mazoezi juu ya miji yenye watu. Nalisema hilo polepole kwa sababu mara nyingi linarukwa. Mazoezi yale nayo yaliua.

Bomu la Hiroshima lilikuwa refu na zito, halikuingia chini ya tumbo la ndege kwa namna ya kawaida. Wakachimba shimo, wakaliweka bomu shimoni, wakaisukuma ndege juu ya shimo kinyumenyume, kisha wakaliinua kwa jeki. Mafundi, mnaielewa kazi hiyo. Usiku ule ndege iliandikwa Enola Gay, jina la mama yake Tibbets. Iliondoka saa tisa kasoro robo usiku. Kapteni William Parsons wa jeshi la majini aliona ndege nyingine zikianguka na kuwaka moto mwishoni mwa njia, akaogopa kuruka na bomu lililo tayari. Akaamua amalizie kulitega angani, ndani ya ndege, amejibana kwenye chumba cha mabomu na vifaa vyake. Saa mbili na robo asubuhi kwa saa za Hiroshima likaachiwa. Hadi mwisho wa mwaka 1945 waliokufa wanakadiriwa kufika 140,000.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna kipande cha habari hii kinachozungumza lugha yetu.

Urani ya bomu lile, sehemu kubwa yake, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Kongo. Mwamba wa pale ulikuwa na utajiri usio na mfano. Mengine yaliyochimbwa yalikuwa urani zaidi ya nusu ya uzito wake, wakati machimbo mengi duniani hayafiki hata asilimia moja. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihofia Wajerumani wasiyapate, akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, zikalala ghalani Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi, Kenneth Nichols, akaenda ofisini kwake kuuliza kama angeweza kuuziwa urani. Akaambiwa ipo, tena ipo hapahapa mjini. Sasa waliochimba mawe yale kwa mikono, wakayapanga na kuyajaza kwenye magunia, ni watu wa Katanga, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi migodini kule. Tunalijua jina la mama wa rubani. Majina ya wale hatuyajui.

Siku tatu baadaye ikaja Nagasaki. Safari hii mimi kama fundi naijua kwa pampu. Ndege iliitwa Bockscar, ya Kapteni Frederick Bock, ila siku hiyo Bock alirusha ndege nyingine na Meja Charles Sweeney akarusha ya Bock. Kabla ya kuruka waligundua pampu ya kuhamisha mafuta kutoka tangi la akiba imekufa. Lita kama 2,400 zimo, hazitoki. Hazina faida ila uzito wake unaubeba kwenda na kurudi. Fundi yeyote hapa angesema: shusheni, tubadilishe pampu. Kuibadilisha kungechukua saa nyingi, hali ya hewa ilikuwa inakuja kuharibika, na bomu la plutoniamu halihamishwi kama gunia la mchele. Wakaondoka hivyohivyo.

Lengo lao lilikuwa mji wa Kokura. Walimsubiri mwenzao angani wakapoteza muda, wakafika Kokura wakakuta moshi na ukungu. Wakapita mara ya kwanza, hawaoni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mafuta yanashuka. Wakageukia Nagasaki, lengo la pili, na saa tano na dakika mbili asubuhi bomu likalipuka. Walipotua Okinawa injini zilikuwa zimeanza kuzimika kwa kukosa mafuta. Watu wa Kokura wakaishi, na wa Nagasaki zaidi ya 70,000 wakafa kabla mwaka haujaisha, kwa sababu ya wingu, na pampu moja ikiwa imewanyima wale marubani nafasi ya kungoja. Nimebadilisha pampu za mafuta nyingi maishani mwangu, na tangu nilipoijua habari hii hakuna niliyoifunga bila kuikumbuka.

Vita ikaisha. Kikosi kilichozaliwa kwa kazi moja kikawa kimeimaliza kwa siku tatu. Kifanye nini?

Kikarudi Marekani, mji wa Roswell, New Mexico. Mwaka 1946 kikatumwa visiwa vya Marshall. Watu 167 wa Bikini walikuwa wamehamishwa kwao, wakaambiwa ni kwa faida ya wanadamu wote, na ndege ya 509 ikadondosha bomu la atomiki juu ya meli tupu ili wakubwa waone linafanya nini majini. Meli ya kulengwa ilipakwa rangi kali ionekane. Bomu likaikosa kwa zaidi ya mita 600! Watu wa Bikini mpaka leo hawaishi kwao.

Roswell wengi mnaijua kwa habari ya viumbe wa sayari nyingine, naona vijana wanatabasamu. Habari ile ilitoka kikosini hukuhuku. Julai 1947 ofisi ya habari ya kambi ilitangaza kwamba wamepata chombo kilichoruka. Saa chache baadaye jeshi likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kuwa yalikuwa mabaki ya maputo ya siri yaliyotengenezwa kusikiliza milipuko ya nyuklia ya Warusi. Kwa hiyo siri ilikuwapo kweli, ila ilihusu mabomu na si wageni wa angani.

Mimi Roswell naiheshimu kwa jambo jingine kabisa, ambalo hakuna anayelitengenezea fulana. Mwaka 1948, mjini hapohapo, 509 kilipata skwadroni ya ndege za mafuta, mojawapo ya mbili za kwanza katika jeshi lao. Adui sasa alikuwa Urusi, na Urusi ni mbali. B-29 na nduguye B-50 hazikuweza kwenda Moscow na kurudi. Ilibidi ama ukae karibu, au upewe mafuta njiani. Kukaa karibu walikufanya: kikosi kilikuwa kikipelekwa Uingereza na Guam, kinakaa miezi, kinarudi. Hii ya pili ndiyo iliyobadilisha dunia.

Njia ya mwanzo ya kumpa mwenzio mafuta angani ilikuwa ya Waingereza, na ukiisikia utacheka. Ndege yenye njaa inaburuta kamba nyuma yake. Ndege ya mafuta inakuja na kamba yake yenye ndoano, inaikamata ile nyingine angani kama mvuvi anavyokamata kamba ya mashua. Kisha mpira mrefu unavutwa, unachomekwa, na mafuta yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Upepo unavuma kilometa mia tatu kwa saa, na watu wawili mikono imekufa ganzi wanavuta mpira. Baadaye Boeing wakatengeneza mrija mgumu wa chuma wenye vibawa vidogo. Mtu analala kifudifudi mkiani mwa ndege ya mafuta, anaulenga mrija kwenye tundu la ndege iliyo chini yake. Huo ndio unaotumika mpaka leo. Jibu la mjukuu wangu lilizaliwa hapo.

Miaka ya hamsini naipita mbio. Mwaka 1955 zikaja B-47, za jeti, zenye haraka lakini zinakunywa mafuta kama mgonjwa wa kisukari anavyokunywa maji. Mwaka 1958 kikosi kikahamia Pease, New Hampshire, pwani ya kaskazini mashariki, karibu zaidi na Urusi. Kazi sasa ilikuwa kusubiri. Ndege zilijazwa mafuta na mabomu ya nyuklia, zikapangwa mwisho wa njia. Marubani walilala kwenye jengo la karibu, wakila humo, wakicheza karata humo, wiki nzima, kengele ikilia wanakimbia. Wawe hewani ndani ya dakika 15. Kengele ikilia hawajui kama ni zoezi au ni mwisho wa dunia, mpaka wafike kwenye ndege na kusikiliza redio.

Ilipofika 1966 wakapewa B-52, na wakiwa bado wanasubiri vita ya nyuklia isiyokuja, ikaja Vietnam. B-52 za kikosi zikapelekwa Guam, zikabebeshwa mabomu ya kawaida, mengi, kuyamwaga juu ya misitu. Ndege iliyojengwa kubeba bomu moja la kumaliza mji ikawa lori la kubeba mabomu madogo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kikosi kilifanya kazi ya wengine, isiyo yake.

Baada ya hapo, karibu miaka 20, kikarusha FB-111, ndege ya watu wawili ambayo mabawa yake yalikuwa yanakunjwa nyuma ikitaka mbio. Kwa fundi, bawa linalosogea ni mateso, sitaki kuwachosha. Ndege hizo za Pease hazikuangusha bomu hata moja vitani. Zilisubiri tu. Halafu ukuta wa Berlin ukaanguka, na Pease ikawa kambi ya kwanza kubwa kufungwa. Septemba 30, 1990, kikosi kikahamishiwa Whiteman, Missouri, bila watu na bila ndege. Jina tu na bendera! Kama mtu anayehamisha sanduku la posta.

Waliobaki na jina walikuwa wanangoja ndege mpya, ile ya mjukuu wangu, B-2. Ya kwanza ilitua Whiteman tarehe 17 Desemba 1993, siku ileile kikosi kilipoanzishwa miaka 49 nyuma. Walitaka kununua 132. Urusi ya zamani ikavunjika, fedha zikakaziwa, wakaishia 21, na ukigawanya gharama yote ya mradi, kila moja ikaangukia zaidi ya dola bilioni 2. Ilikuwa imebuniwa kupenya rada za Warusi na kudondosha nyuklia. Kwa mara nyingine kikosi kikawa na chombo kinachotafuta kazi.

Kazi ikapatikana Machi 1999, Kosovo. Hapa ndipo umbali ulipogeuka. B-2 ziliondoka Missouri, zikavuka Atlantiki, zikajazwa mafuta angani, zikafika Yugoslavia usiku, kila moja ikiwa na mabomu 16 yanayoongozwa na satelaiti, zikarudi Missouri. Saa 30 na zaidi, rubani wawili tu. Mmoja akichoka anajinyoosha kwenye kitanda kidogo cha kukunja nyuma ya viti. Choo kipo, cha kemikali, wanachimba dawa humohumo. Tibbets ilibidi ahamie kisiwa cha vita, alale karibu na makaburi ya wenzake, ndipo akapigane. Hawa waliagana na wake zao asubuhi, wakaenda vitani, wakarudi nyumbani kwao wakakuta nyasi zinahitaji kukatwa. Mimi sijui kama mtu anaweza kuivuka mipaka hiyo mara nyingi bila kitu ndani yake kuchanganyikiwa.

Na satelaiti haijui unachokilenga. Usiku wa Mei 7, 1999 mabomu matano yalipiga jengo mjini Belgrade, kwa usahihi kabisa, pale yalipoelekezwa. Lilikuwa ubalozi wa China. Watu watatu wakafa. Marekani ikasema ni kosa la ramani, na China haikukubali maelezo hayo. Mwaka 1946 bomu lilikosa kwa mita 600 na meli ilikuwa wazi machoni. Mwaka 1999 bomu halikukosa.

Oktoba 2001 Afghanistan, moja ilikaa hewani zaidi ya saa 44 kabla ya kutua Diego Garcia, katikati ya bahari yetu hii, kisiwa ambacho wenyeji wake Wachagosi walihamishiwa Mauritius na Shelisheli ili kambi ijengwe. Ikatua, injini hazikuzimwa, wakabadilishana marubani, ikaondoka. Halafu Iraq. Machi 2011 B-2 tatu zikapiga uwanja wa ndege wa kijeshi Libya, na Januari 2017 zikarudi Libya, karibu na Sirte, kupiga kambi za wapiganaji wa jangwani. Fikirini hesabu hiyo: ndege ya dola bilioni mbili, kuvuka bahari, kwa ajili ya watu wenye mahema na magari ya pikapu.

Vijana wa ufundi, hii inayofuata ni yenu.

Februari 23, 2008, Guam, B-2 moja ilianguka ikiwa inaruka. Hakukuwa na adui wala dhoruba. Mnajua sisi tunavyopata mwendo wa ndege: mrija wa pito, unatokeza mbele, upepo unaingia, unapimwa. Hapa Dar ukiacha mrija bila kifuniko usiku mmoja nyigu wanajenga humo. B-2 haina mrija unaotokeza, kwa sababu ungeonekana kwenye rada. Ina vipimio 24 vilivyolala sawa na ngozi ya ndege. Guam kuna unyevu kama kwetu masika. Unyevu ukaingia kwenye vitatu. Fundi akavirekebisha asubuhi vikiwa bado na maji, kwa hiyo akarekebisha kwa kipimo cha uongo. Baadaye joto la ndege likayakausha maji, na sasa vipimio vikasema uongo wa upande wa pili. Kompyuta ikaamini ndege ina mwendo wa kuruka wakati haina, na pia ikaamini pua imeinama chini, ikaiinua juu kwa nguvu. Ndege ikakosa kushikwa na hewa, bawa likagusa ardhi. Marubani wote wawili walijirusha wakapona. Ndege ikaungua, dola bilioni 1.4.

Kinachoniuma ni hiki. Mafundi waliokuwa Guam zamu ya nyuma walikwishagundua dawa: washa kipasha-joto kwanza ukaushe, ndipo urekebishe. Lakini haikuandikwa kwenye kitabu. Iliambiwa kwa mdomo, wenye kuijua wakarudi Missouri, waliokuja hawakuambiwa. Mlioniona nikiwagombeza kuhusu kujaza kitabu cha kazi, sasa mnajua kwa nini.

Nikirudi Juni mwaka huu: B-2 saba, mabomu 14, kila moja kama tani 13 na nusu, yaliyotengenezwa kutoboa milima. Saa 18 kwenda, zikijazwa mafuta njiani kwa mrija uleule wa zamani. Nyingine zilirushwa kuelekea magharibi ziwazuge watazamaji. Kumi na mawili yakaenda Fordo, mawili Natanz, huko Iran, mahali ambapo urani ilikuwa inarutubishwa. Sijui mjukuu wangu alinielewa nilipomwambia hivi: kikosi kilichozaliwa kubeba bomu la kwanza la urani, baada ya miaka 80, kimetumwa kwenda kuizuia nchi nyingine isilipate. Nembo yao bado ina wingu la atomiki lenye mabawa. Na Tibbets alipofariki mwaka 2007, akiwa na miaka 92, alikuwa ameagiza asiwekewe jiwe la kaburi. Alihofia watu watakuja kuandamana pale. Majivu yake yalimwagwa baharini.

B-2 sasa zimebaki 19, na zinazeeka. Zitakazozirithi, B-21, zimeshaanza kuruka, na Whiteman watapewa.

Nimalizie na Tinian, niwarudishe tulikotoka. Ile njia ya kurukia ya Enola Gay iliachwa. Msitu ukaimeza, mizizi ikapasua lami, na yale mashimo mawili ya kupakilia mabomu yakafunikwa vioo kama kumbukumbu, watalii wanachungulia ndani. Kwa miaka mingi marubani wao walisema hakuna haja tena ya kisiwa, ndege inaondoka nyumbani. Sasa wanahofia kambi zao kubwa zinaweza kupigwa na makombora ya China, wanataka viwanja vingi vidogo vya kutawanyikia. Kwa hiyo wakati sisi tumekaa hapa, matingatinga yapo Tinian yanafyeka msitu, yanaichimbua njia ileile ya mwaka 1945.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maji nimekunywa, sauti ipo. Yule kijana aliyeinua mkono tangu nilipotaja pampu, hebu tuanze na wewe.